Kilo Huandikwa kwa Jina la Mkubwa

Wiki iliyopita nilimwandikia binti mmoja wa kidato cha tatu H₂SO₄ ubaoni, nikamwambia atafute namba ya oksidisheni ya salfa. Hakumaliza hata dakika. Hidrojeni chanya moja, ziko mbili. Oksijeni hasi mbili, ziko nne. Jumla iwe sifuri. Basi salfa ni chanya sita. Kwenye mtihani wa taifa hizo ni alama zote. Nikamuuliza, "Hiyo sita inahesabu nini?" Akautazama ubao, akanitazama mimi, akajibu kwa adabu kabisa: "Inahesabu kanuni, mwalimu." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilipokuwa na umri wake ningejibu hivyo hivyo, na aliyenifundisha angenipigia vema.

Mada hii tunaifundisha kinyumenyume. Tunaanza na orodha ya kanuni sita au saba, kila moja na mkia wake wa "isipokuwa", tunaingia kwenye kutafuta x, kisha tunafunga daftari. Mimi nashikilia kwamba kanuni zote hizo zimezaliwa na swali moja: atomu mbili zikishikana, ipi inavuta elektroni kwa nguvu zaidi? Mwanafunzi mwenye jibu la swali hilo hana cha kukariri. Asiye nalo atafaulu kidato cha pili, halafu akifika kidato cha tano na kuambiwa asawazishe mmenyuko wa pamanganeti na chuma, ataona wenzake wanahesabu kitu asichokiona.

Kwa bahati nzuri Rungwe tuna mfano ulio bora kuliko vitabu vingi. Nenda asubuhi kwenye kituo cha kupimia majani mabichi ya chai. Ndugu wawili wanachuma shamba aliloacha marehemu baba yao. Wameamka pamoja, wamechuma pamoja, kapu ni moja. Lakini mwenye namba ya mkulima ni kaka mkubwa. Karani anapachika kapu kwenye mzani, anasoma, anaandika kilo zote kwa jina la mkubwa. Mdogo hajaporwa chai. Mikono yake ina madoa ya utomvu sawa na ya kaka yake, na malipo yakitoka huenda watagawana. Ila mtu atakayesoma daftari peke yake atasema mkubwa ndiye aliyevuna na mdogo ametoka mikono mitupu.

Namba ya oksidisheni ni daftari la karani huyo. Atomu mbili zinapochangia jozi ya elektroni, kiuhalisia jozi iko kati yao. Sisi kwa makusudi, ili hesabu iende, tunaiandika jozi nzima kwa jina la atomu yenye mvuto mkubwa. Kisha tunauliza: atomu hii ilikuja na elektroni ngapi za nje, na sasa ngapi zimeandikwa kwa jina lake? Alizokuja nazo toa zilizoandikwa, hilo ndilo jibu. Kwenye maji, oksijeni ilikuja na 6. Jozi mbili inazochangia na hidrojeni zinaandikwa kwake, pamoja na 4 ambazo haikuchangia na yeyote, jumla 8. Sita toa nane ni −2. Kila hidrojeni ilikuja na 1, daftarini imebaki na 0, kwa hiyo +1. Zikishikana atomu mbili za elementi ile ile, hakuna mkubwa wala mdogo, jozi inakatwa katikati, na namba inabaki sifuri. Ndiyo maana O₂, N₂ na msumari wa chuma vyote ni sifuri. Hiyo "kanuni ya kwanza" inayoimbwa darasani imetoka hapo.

Mkubwa tunamjuaje? Linus Pauling alitupa mizani yake mwaka 1932. Floorini inakaa juu kabisa, karibu 4.0. Oksijeni 3.4, klorini 3.2, naitrojeni 3.0, salfa na kaboni karibu 2.6 salfa ikitangulia kwa unywele, hidrojeni 2.2, halafu metali: chuma 1.8, sodiamu 0.9. Mwanafunzi hahitaji desimali. Anahitaji mpangilio tu, kama anavyojua nani mkubwa kwao: floorini, oksijeni, klorini, naitrojeni, salfa, kaboni, hidrojeni, kisha metali. Majina saba na neno moja. Hicho ndicho kitu pekee ninachowaruhusu wanafunzi wangu kukariri.

Sasa zile "isipokuwa". Tunaambiwa oksijeni ni −2 isipokuwa kwenye peroksaidi. Kwa nini? Chora peroksaidi ya hidrojeni, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu: hidrojeni, oksijeni, oksijeni, hidrojeni, zimepangana kama watu waliosimama foleni. Kila oksijeni inapata jozi moja kutoka kwa hidrojeni yake. Lakini ile jozi iliyo kati ya oksijeni na oksijeni ni ya mapacha, inakatwa nusu kwa nusu. Kila oksijeni inaishia na elektroni 7 badala ya 8. Sita toa saba ni −1. Hidrojeni ni +1 isipokuwa ikiwa na metali: kwenye NaH hidrojeni ndiye mkubwa, sodiamu ndiye mdogo, jozi inaandikwa kwa hidrojeni, −1. Na OF₂, ambayo wanafunzi huiona kama mtego wa mtunga mitihani, haina mtego wowote. Oksijeni imekutana na aliyeizidi, jozi zake mbili zimeandikwa kwa floorini, nayo imebaki na 4 kati ya 6. Chanya mbili. Zote tatu zimefuata kanuni ile ile ya karani.

Nirudi kwa yule binti. Salfa ilikuja na elektroni 6 za nje. Kwenye H₂SO₄ imezungukwa pande zote na oksijeni, na oksijeni ni mkubwa wake. Elektroni zote 6 zimeingia kwenye jozi, jozi zote zimeandikwa kwa oksijeni. Sita toa sifuri. Hiyo ndiyo sita aliyoipata bila kujua ameshika nini.

Hapo hapo linazaliwa kosa kubwa zaidi, nalo hata walimu tunalifanya: kudhani kwamba salfa ile imepoteza elektroni sita kweli na imebaki ioni yenye chaji 6+. Haijapoteza. Mdogo bado yuko shambani. Kuinyang'anya atomu moja elektroni sita kunataka nishati ambayo mmenyuko wa kawaida wa maabara hauna. Vivyo hivyo manganizi kwenye KMnO₄, zile chembe za zambarau ambazo punje chache tu hutia rangi ndoo nzima: hesabu inasema +7, na hesabu ni sahihi kama hesabu, lakini chaji halisi juu ya atomu ile ni ndogo sana kuliko 7. Ndiyo sababu wanakemia huandika ioni 2+, alama nyuma ya tarakimu, na namba ya oksidisheni +2, alama mbele. Mwaka 1919 Mjerumani Alfred Stock alipendekeza tuweke tarakimu za Kirumi kwenye majina, chuma(II), chuma(III), na tarakimu hizo zina faida ya kutofanana kabisa na chaji. Kuna walimu wanaomnyima mtoto alama kwa kupindua alama mbele au nyuma bila kumweleza sababu. Naona ni uonevu. Mweleze sababu kwanza, kisha mnyime.

Kosa la pili ni kuichanganya namba hii na valensi. Kaboni karibu kila mara ina mikono minne: minne kwenye methani, minne kwenye sukari, minne kwenye hewa ukaa. Namba yake ya oksidisheni inapanda na kushuka kama barabara ya Uyole kuja Tukuyu. Kwenye CH₄ kaboni ndiye mkubwa, anaandikiwa jozi zote nne, −4. Kwenye CO₂ ndiye mdogo, haandikiwi hata moja, +4. Valensi inahesabu mikono. Namba ya oksidisheni inahesabu kilichoandikwa daftarini.

Hapa nawaomba wasomaji wa Busokelo wasogee karibu. Mlima Kyejo, uliomwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, bado unapumua hewa ukaa kutoka chini ya ardhi, na kampuni ya TOL Gases inaivuna gesi hiyo huko Ikama. Ni gesi ile ile inayotia povu kwenye soda. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini gesi ya Kyejo haiwaki ilhali methani inawaka, simwambii akariri. Namwambia asome daftari. Kaboni yenye +4 imeshatoa zote nne, haina kilichobaki cha kuandikiwa oksijeni, basi oksijeni ije kuitafuta kwa lipi? Ndiyo maana inazima moto. Methani yenye −4 ina safari ya ngazi nane mbele yake kufika +4, na ngazi hizo ndizo joto inalotoa ikiwaka. Ziwa Kivu limehifadhi vyote viwili kwenye vilindi vyake, methani na hewa ukaa, na mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda, uliozinduliwa mwaka 2016, unachuja methani kuzalisha umeme na kuiacha hewa ukaa, kwa sababu hiyo haina cha kuchoma.

Katikati ya safari hiyo kuna kituo kinachoua. Baridi ya Juni na Julai hapa mnaijua. Ukiwasha jiko la mkaa na kulitazama gizani, utaona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya makaa mekundu. Makaa ni kaboni, sifuri. Ndani ya rundo la makaa oksijeni haitoshi, kaboni inaishia kwenye kaboni monoksaidi, CO, ambako ni +2. Ikifika juu inakutana na hewa, inawaka kwa ulimi wa buluu, inapanda hadi +4. Funga mlango na madirisha, oksijeni ipungue chumbani, ule ulimi wa buluu hupungua nao, na gesi yenye +2 inabaki humo na watu waliolala. Mwanafunzi wa kemia anapaswa kulitoa jiko nje akijua anakwepa nini.

Kosa la tatu limo ndani ya jina lenyewe. Kwa kuwa neno oksidisheni linabeba oksijeni, wengi hudhani bila oksijeni hakuna oksidisheni. Tangu Lavoisier, karne ya 18, jina hilo lilimaanisha kweli kuungana na oksijeni. Baadaye ikaonekana kwamba chuma kikiungana na klorini kinafanya lile lile kinalofanya kikiungana na oksijeni: elektroni zake zinaandikwa kwa mwingine. Wendell Latimer wa Marekani akatoa mwaka 1938 kitabu chake kilichozipanga elementi kwa hali zao za oksidisheni, na tangu hapo hesabu ya elektroni ikashika hatamu. Jina la zamani likabaki kama mtaa wa Mnazi Mmoja usio na mnazi.

Chai inalionyesha jambo hili vizuri kuliko kutu. Kiwandani majani mawili na kichipukizi hunyaushwa, yanasagwa, kisha yanatandazwa kwenye hewa mpaka kijani kigeuke rangi ya shaba. Hatua hiyo wanaiita kuchachusha, na jina hilo limetupoteza. Hakuna hamira inayofanya kazi pale. Ni oksidisheni. Jani likisagwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kinakutana na polifenoli. Humo mna kaboni mbili jirani, kila moja imeshika kundi la OH kwa kifungo kimoja: kwa jirani zake kaboni ni sare, kwa oksijeni imeandikiwa hasara moja, hivyo +1. Kimeng'enya kinaondoa hidrojeni mbili, na kaboni zile zinabaki zimeshika oksijeni kwa vifungo viwili kila moja: +2. Zimepanda kutoka +1 hadi +2, zimeoksidishwa, na molekuli haijaongezewa hata atomu moja ya oksijeni. Imepoteza hidrojeni tu. Oksijeni ya hewani imezichukua hidrojeni hizo ikawa maji, ikashuka kutoka 0 hadi −2. Kisha mashine ya kukausha inaua kimeng'enya, hesabu inasimama. Wanaotengeneza chai ya kijani wanaanza na joto, wanakiua kimeng'enya kabla hakijagusa kitu.

Mama anayemenya ndizi sokoni akazitumbukiza upesi kwenye beseni la maji anapigana na mmenyuko huo huo. Parachichi lililokatwa likakaa mezani, vilevile.

Mkitaka uchachu wa kweli, nendeni kwenye chungu cha pombe. Hamira inaila sukari bila oksijeni ya hewani kushiriki, na hapo ndipo daftari linapendeza. Glukosi, C₆H₁₂O₆: ukipiga hesabu, wastani wa kaboni zake ni 0. Inagawanyika kuwa molekuli mbili za ethanoli na mbili za hewa ukaa. Kaboni mbili zimekwenda kwenye hewa ukaa, kila moja +4, jumla +8. Kaboni nne zimekwenda kwenye ethanoli, C₂H₆O, wastani −2 kila moja, jumla −8. Nane na nane zimefutana. Waliopoteza na waliopata wote wametoka kwenye sukari moja, wala hakuna jirani aliyekopwa. Nikimaliza hesabu hiyo darasani huwa kuna kimya kidogo, kisha mmoja wa nyuma anauliza kama naruhusiwa kufundisha pombe.

Neno ridaksheni nalo lina kisa. Wanafunzi hunigomea: atomu imepata elektroni, kwa nini tuseme imepunguzwa? Jibu la haraka ni kwamba elektroni ni hasi, ukiipata namba yako inashuka. Jibu lenye historia liko ng'ambo ya milima ya Livingstone. Kabla ya majembe ya dukani, Wanyakyusa walipata majembe yao kwa mafundi wa Kikinga, waliochoma mawe yenye chuma kwa mkaa kwenye matanuri ya udongo. Mawe yalikuwa mazito, chuma kilichotoka kilikuwa kidogo. Hata kama jiwe lingekuwa Fe₂O₃ tupu, kilo 10 haziwezi kutoa zaidi ya kilo 7 za chuma. Wafua metali wa Ulaya waliona hivyo hivyo, wakasema jiwe limepunguzwa. Tanurini, chuma kilishuka kutoka +3 hadi 0, na kaboni ya ile gesi ya ulimi wa buluu ikapanda kutoka +2 hadi +4. Fundi wa Kikinga hakuwa na daftari, ila kila aliponyima tanuri mkaa wa kutosha aliona jiwe likitoka jiwe.

Jiwe la Liganga kule Ludewa linatuletea taabu nyingine. Lina magnetaiti, Fe₃O₄. Tafuta x: tatu za x toa nane sawa na sifuri, x ni 8/3. Mwanafunzi akipata sehemu hufuta, anadhani amekosea. Hajakosea, amepata wastani. Ndani ya jiwe kuna chuma mbili za +3 na moja ya +2, na wastani wao ni 8/3 kama vile familia inavyoweza kuwa na wastani wa watoto wawili na nusu pasipo mtoto nusu.

Wastani ukiuamini mno utakudanganya. Chukua mfuko wa mbolea ya CAN kwenye duka la pembejeo. Ndani yake kuna NH₄NO₃. Ukiingiza kanuni kichwa kichwa unapata kila naitrojeni +1, na hakuna naitrojeni ya +1 kwenye mfuko ule. Iko ya amoniamu, ambayo ni mkubwa wa hidrojeni nne, −3. Na iko ya naitreti, mdogo wa oksijeni tatu, +5. Tofauti hiyo mkulima anailipia. Ioni ya amoniamu ni chanya, udongo unaishika. Naitreti ni hasi, udongo haushiki kwa nguvu hiyo, na kwenye mji unaopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi hushuka na maji. Bakteria wa udongoni nao wanaipeleka ya amoniamu kutoka −3 hadi +5, elektroni nane kwa kila naitrojeni, na huo ndio mlo wao.

Tufanye nini basi? Mpangilio wa kufundisha ubadilike: mvuto kwanza, michoro ya vifungo pili, x mwisho. Najua walimu wenzangu watasema muda hautoshi na mtihani unauliza x. Jibu langu ni kwamba tunapoteza vipindi vingi zaidi kurudia kanuni zilizosahaulika. Mtoto apewe pia namna ya kujikagua. Naitrojeni ina elektroni 5 za nje. Haiwezi kutoa zaidi ya tano wala kupata zaidi ya tatu. Anayesahau chaji ya NO₃⁻ na kuweka jumla sifuri atapata +6, na hapo hapo aone kwamba mdogo ameandikiwa hasara ya kilo ambazo hakuwahi kuwa nazo. Anayesahau kugawa kwa mbili kwenye K₂Cr₂O₇ atapata kromiamu +12, wakati kromiamu ina 6 tu za kutoa. Duniani kote namba kubwa kuliko zote iliyothibitishwa ni +9, ya iridiamu, na hiyo ilipatikana mwaka 2014. Kumi na mbili ni kelele za kalamu.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, maana nimeshasema sana. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba anakutana na mada hii kidato cha pili kwa Kiingereza, na msamiati wake wote ni mgeni kwa siku moja. Aandike mtihani kwa Kiingereza, sawa. Lakini wakati wa kuelewa aachwe abishane na mwenzake kwa lugha anayoota nayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katika maabara zote nilizopita sijawahi kuikuta kabatini.

Na vifaa visiwe kisingizio. Nilinunua mrututu kidogo kwenye duka la pembejeo, ule wanaonyunyizia kahawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani (kutu ambayo ni ukungu, haina chuma ndani yake, jina jingine la kutupoteza). Tukakata chupa ya maji ya plastiki, glasi ya kunywea hapana kwa sababu mrututu ni sumu, tukauyeyusha ukawa buluu ya sare za shule. Yule binti wa salfa akatumbukiza msumari uliopigwa msasa. Baada ya dakika chache msumari ulikuwa umevaa koti jekundu la shaba. Siku ya pili buluu ilikuwa imefifia. Akaandika ubaoni: chuma 0 kwenda +2, shaba +2 kwenda 0, elektroni mbili zimehama jina. Nikamuuliza salfa ya kwenye CuSO₄ imefanya nini. Akachora oksijeni nne kuizunguka, akahesabu kwa kidole. "Bado sita, mwalimu. Zake zote ziko kwa oksijeni, hakuna aliyezigusa."

Kisha akauliza kama bati lingefanya vile, kwa kuwa aliambiwa bati limepakwa zinki ili kutu ianze na zinki kabla ya chuma. Sikumjibu. Kulikuwa na kipande cha bati jipya nyuma ya maabara, kimebaki kwenye ukarabati wa paa. Tukakipiga msasa, tukakizamisha kwenye mrututu mpya. Kengele ilipogonga kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na hakuna aliyetoka.